Akina Mama Kumi na Saba, Email Moja

Jumanne, 29 Julai 2025

Majibu ya damu yamerudi kutoka Mombasa. Daktari ni kijana. Alifunga mlango kabla ya kuketi — hapo hapo nikajua. Mayai yamekoma, akasema. Kwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ni mapema, lakini hutokea, na si kosa la mtu. Nikamuuliza kama kuna dawa. Ipo ya kutuliza joto la mwili na kulinda mifupa. Ya kuniletea mtoto haipo.

Tangu Januari nilikuwa najiambia ni mawazo. Halafu ni uchovu. Hata lile joto linalonipanda kifuani nilisingizia jua la Voi. Hapa nani hatoki jasho?

Wesonga yuko kazini kwenye reli, upande wa Mtito Andei, na kikosi chake cha kukarabati njia. Likizo yake ni mwisho wa Agosti. Anataka mtoto wa pili, hajawahi kuficha. Kitanda cha utotoni cha Daisy bado kiko juu ya kabati na hataki nikigawe, na Daisy sasa ana miaka kumi na mitatu! Mama yake akipiga simu kutoka Busia huuliza "kuna habari?" kabla hata ya kuuliza kama tumeamka salama. Na kaka yake mkubwa alishamwambia, mimi nikiwa jikoni nasikia, kwamba mwanamume mwenye mshahara hawezi kukosa msichana wa kumsaidia nyumbani. Msichana wa kumsaidia. Ndivyo anavyomwita mke wa pili.

Nitamwambia mimi. Kwa mdomo wangu, ana kwa ana, akiwa ameshapumzika. Kabla ya hapo asijue mtu. Hata Peris, mwenzangu wa dukani.

Jumapili, 3 Agosti

Benchi lilijaa leo. Wanawake watano.

Kwetu kanisani mwanamke aliye kwenye siku zake havai kanzu nyeupe wala havuki mlango. Huketi nje kwenye benchi, chini ya tangi la maji, asikilize mahubiri kupitia dirishani. Waanzilishi walikuja na desturi hii kutoka magharibi, watu wa reli na wa mashamba ya mkonge, na hapa mtaani kwetu Kaloleni bado inafuatwa. Tatizo ni kwamba benchi linatazama barabara, na ng'ambo ya barabara ndiko steji ya bodaboda.

"Leo wachezaji wa akiba ni wengi!" akapaza sauti mmoja. "Kocha, ingiza namba tisa!"

Wakacheka mpaka wakashika tumbo. Namba tisa alikuwa Koki, mke wa Mbuvi, ameolewa Aprili. Akajifunika uso kwa leso. Kisha mama mmoja aliyekuwa anaingia akamwinamia, ati kwa upole: "Bado tu, Koki?" Afadhali wale wa bodaboda.

Mimi nimeketi pale miaka kumi na mitano. Na tangu Januari sikuwa na sababu ya kuketi. Mei niliketi tu, ili watu wasianze kuhesabu. Juni pia. Aibu kubwa — kuigiza kitu ambacho mwenyewe ungekilipia kirudi.

Jumatano, 6 Agosti

Mkutano wa akina mama. Mimi ni katibu wao, kwa hiyo nilisimama nikasema wazi: benchi linatudhalilisha. Mwanamke anajua siku zake zinakaribia. Kuna app za simu zinazohesabu, mimi mwenyewe ninayo moja mwaka wa tatu sasa. Aliye kwenye siku zake abaki nyumbani, afuate ibada laivu kwenye simu. Benchi liondoke.

Wakapiga makofi. Mama Lois, kiongozi wetu, hakupiga.

"Na mimi nitajuaje," akauliza, "kwamba aliye ndani ni safi? Benchi nilikuwa naliona kwa macho."

Nikamwambia sisi si watoto. Akasema madhabahu si jikoni kwangu. Tukavutana. Yeye ndiye peke yake anayeruhusiwa kupangusa madhabahu na kuwasha mishumaa, kwa sababu kazi hiyo ni ya mwanamke ambaye siku zake zimekwisha kabisa, na wenzake wazee wote wamerudi kwao magharibi. Magoti yanamuuma, hasira iko karibu.

Mwishowe tukaafikiana. Kila mama awekwe kwenye app. Mimi katibu niangalie kila Jumamosi, nimwambie Mama Lois neno moja tu: sawa. Bila majina.

Nilitoka pale nikiona nimeshinda.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku nzima kanisani na simu za watu! Huyu hana email. Huyu anayo lakini alifunguliwa na mtu wa duka la simu na hajui inaitwaje. Yule simu ni ya mwanawe. Saa tatu nzima na tumeweka wawili.

Ndipo Dishon akapita. Ni mpwa wa Mzee Ajwang', mwangalizi wa kanisa, na ndiye anayeshughulika na kamera, spika na kompyuta ya laivu. Akasema: "Dada Branice, si mtumie email ya kanisa? Fungua akaunti moja, hao wote waingie kama watu wa familia moja." Namba yake ya siri tunaijua sisi wawili tu, mimi na yeye.

Ikawa rahisi ghafla. Kwa chai ya saa kumi tulikuwa tumemaliza. Vicheko vingi. "Hii simu itanijua kuliko Baba Nicholas!" "Baba Nicholas anajua nini, hata siku ya kuzaliwa kwako hajui!" Koki alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ndogo kama inaweza kumkumbusha na vidonge. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikaelewa, sikumuuliza kitu. Mbuvi anataka mtoto mwaka huu huu.

Mama Lois akasema wasichana nao waingizwe. Daisy simweki, nikamwambia. Ni mtoto. Mambo yake ni yake.

Mwisho nikajiingiza mimi. App ikauliza kama nataka kumbukumbu zangu za zamani zihifadhiwe kwenye akaunti zisipotee. Mimi ni mtu wa kuhifadhi vitu. Nikakubali. Yale maandishi marefu sikuyasoma. Nani huyasoma?

Tumefika akina mama kumi na saba.

Jumapili, 17 Agosti

Benchi tupu! Vijana wa steji wanauliza kama timu imehama ligi. Mama Lois akanishika bega mlangoni, hakusema kitu. Kwake hiyo ni sifa. Koki alikuwa ndani, ndani ya kanzu, anaimba sauti ya pili.

Nilifurahi leo. Naandika kwa sababu si kila wiki.

Alhamisi, 21 Agosti

Dukani kwetu kwa dawa za mifugo. Wateja kutoka Marungu na dawa za kupe, asubuhi yote. Mzee Mwandawiro wa Werugha akapiga simu kwamba mtamba wake yuko kwenye joto, mtu wa kupandikiza aje leo si kesho. Peris akanong'ona: "Mtamba wa watu ana bahati. Siku zake zinajulikana na mwenyewe na daktari, basi." Nilicheka. Peris ni wa huko huko Werugha, ni Mkatoliki, mambo ya kanzu na benchi yetu humfanya atikise kichwa.

Tangu Jumatatu simu yangu inaniletea tangazo moja tu. Mama mwenye mvi kidogo anajipepea na gazeti. Anakunywa kidonge. Anatabasamu. Peris akaliona. "Wewe! Nani amekuuza?" Nikamwambia matangazo ni ya kila mtu. Akanionyesha simu yake: mbegu za kabichi.

Sijamwambia. Lakini nilipandwa na joto hapo hapo mpaka nikalowa mgongo, na safari hii halikuwa joto la Voi.

Jumapili, 24 Agosti

Sijui nianzie wapi. Kabla ya mahubiri Dishon huweka wimbo kutoka mtandaoni, unaonekana ukutani ili watu waimbe. Leo kabla ya wimbo likaja tangazo. Yule yule mama, anajipepea, ukubwa wa ukuta mzima! Sauti kwenye spika zote: "Je, hedhi yako imekoma? Huu si mwisho wa maisha!"

Watoto wakaangua kicheko. Wazee wakatazama sakafu. Mzee Ajwang' akafumba macho kama anaomba. Dishon akavuta waya, spika ikalia pii, kisha kimya.

Baada ya ibada akaja kwangu anajifuta jasho. "Dada, hata sielewi. Wiki mbili hizi kompyuta ya kanisa inatangaziwa nepi, pedi, vitu vya wajawazito. Hata Mzee ameniuliza naangalia nini mle."

Nikasema labda ni mambo ya mtandao. Nikaondoka haraka.

Email ile ndiyo anayofungulia kila kitu. Laivu, nyimbo, barua za kanisa. Kompyuta yake haijawahi kutoka humo. Kwa nini sikuliona hilo? Nilidhani email ni kama ufunguo, unafungua mlango unauweka mfukoni. Kumbe ni nyumba, na tumehamia wote.

Kesho nitaona la kufanya.

Jumatano, 27 Agosti

Daisy amerudi shule, bwenini. Chanjo ya mbuzi, foleni mpaka jioni. Sijashika la email.

Jumamosi, 30 Agosti

Wesonga amefika! Yeye na Mbuvi pamoja, wa kikosi kimoja, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Amekula ndengu na chapati nne, amenicheka kwamba nimekonda, ameuliza kama Daisy bado anaogopa hesabu. Sasa analala, anakoroma kama mtambo wake. Kesho tukitoka kanisani nitapika mapema, nifunge mlango, nimwambie. Maneno nimeyapanga. Nitaanza na daktari, si na mimi.

Jumapili, 31 Agosti

Nimechelewa. Nimechelewa kwa saa mbili!

Mzee Ajwang' alisimama baada ya sadaka. Akasema Roho amemwonyesha jambo. Madhabahu inahitaji mikono miwili zaidi, na Bwana amejitengea mama mmoja kati yetu, mto wake ameukausha kabla ya wakati ili awe safi siku zote. Watu wakaanza kugeuka geuka. Mimi pia niligeuka, Mungu wangu, nikimtafuta huyo mama!

"Dada Branice, mke wa ndugu yetu Wesonga. Simama, mama. Miezi saba sasa Bwana amekufunga. Simama watu wakuone."

Vigelegele. Kengele. Mama Lois analia kwa furaha, ananikumbatia. Akina mama wananipungia leso. Na yote yalikwenda laivu.

Nilimtazama Wesonga ng'ambo, upande wa wanaume. Alipiga makofi pamoja na wengine. Mara mbili, mara tatu. Kisha mikono ikasimama hewani, akaishusha magotini kama si yake. Mbuvi aliyekaa naye akamshika bega kumpongeza.

Njiani Wesonga alitangulia mbele. Chakula hakukigusa.

Jumatatu, 1 Septemba

Amesema leo asubuhi, akiwa anafunga viatu, bila kuinua uso.

"Mimi nimesikia habari za nyumba yangu kwa spika."

Nikamweleza yote. Daktari, Mombasa, jinsi nilivyomngoja yeye. Nilitarajia swali la mtoto. Hakuuliza la mtoto. Aliuliza: "Mzee amejuaje?"

Nikamwambia ni app. Ni email ya kanisa. Ni kompyuta ya Dishon.

"Kwa hiyo simu ilitoka hapa ikaenda kumwambia Ajwang'."

"Si simu, Baba Daisy. Akaunti."

"Miezi saba. Mimi nalala na wewe sijui, yeye anahesabu." Kisha akaongeza, polepole: "Na Mei nilikuja ruhusa. Nilikuona kwenye benchi, kwa macho yangu. Sasa mama, ulinidanganya mimi Mei, au unanidanganya leo?"

Nikisema Mei niliigiza, mimi ni mwongo. Nikikaa kimya, kuna jambo kati yangu na Mzee. Nilisema niliigiza. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, akaenda zake sokoni. Alirudi na nyanya. Nyanya tunazo.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeomba ruhusa dukani, nimemfuata Dishon. Yuko kanisani anafunga waya. Aliponiona akashusha macho — hakuhitaji kuulizwa.

Anasema hakutafuta kitu. Kinajileta chenyewe, pembeni ya kioo, kidude kama bahasha. Siku moja alikuwa na Mzee wanapanga nyimbo. Kikatokea: Branice, miezi saba bila hedhi, zungumza na daktari. Mzee hakuwa na miwani. Akasema, "Soma, kijana." Akasoma.

"Basi njoo umwambie Wesonga hivyo hivyo," nikamwambia. "Hata leo. Dakika tano tu."

Akasugua shingo. "Dada, mjomba ameshasema ni Roho. Nitasimama wapi mimi kusema ni kompyuta?"

Nikaenda kwa Mzee mwenyewe. Alinipokea vizuri, akaniitia soda. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba alichokiona si ufunuo. Hakukasirika hata kidogo. "Binti yangu," akasema, "Bwana alimtumia punda kusema na nabii. Atashindwa kutumia kompyuta?" Nikamwomba basi vitu vya akina mama vitolewe mle. Akasema hapana, hiyo sasa ni kumbukumbu ya kanisa, imetusaidia sana. Kuna wengine pia anawaombea.

Kuna wengine pia!

Kuvikwa utepe wa bluu, ule wa mama wa madhabahu, ni Jumapili ya tarehe kumi na nne. Soda sikuimaliza.

Alhamisi, 4 Septemba

Koki alikuja dukani. Akasimama mbele ya chumvi ya ng'ombe kama anachagua, na ng'ombe hana. Peris akaelewa, akaenda nyuma kuhesabu magunia.

"Dada, na wewe waliona kwa simu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi na vyangu vinaonekana." Mbuvi ameshamwambia mama yake huko Kibwezi kwamba wanaomba mtoto kila siku, na kila siku saa mbili usiku ile app humkumbusha Koki kidonge. Anataka kusoma cherehani kwanza, mwaka mmoja tu. "Dada, Mbuvi hapigi. Lakini akijua nilikuwa namwitikia amina na huku nameza, atanirudisha kwetu. Atanirudisha na bado nguo za harusi hazijafifia."

Nikamwambia afute vyake. Alijaribu. Vya mtu mmoja havifutiki vikaisha, vinafichwa tu kwenye simu yake. Kwenye akaunti vimebaki. Nilijaribu kwangu pia, ndivyo ilivyo. Kufuta kweli ni kufuta akaunti nzima ya ile app, na watu wote kumi na saba ndani yake.

Alipoondoka Peris akasema, "Yule mtoto umemfanya nini?" Nilikasirika. Halafu nikaenda kuhesabu magunia yale yale upya.

Jumapili, 7 Septemba

Sikuenda. Wesonga naye hakwenda. Tulikaa nyumba moja kama watu wanaongoja basi.

Mama Lois alikuja alasiri na utepe kwenye mfuko wa plastiki, niupime. Ameushona mwenyewe, na macho yake yale. Anasema hajui ninachonung'unikia. Amengoja miaka tisa mtu wa kumsaidia, na yeye zake zilipokoma hakuna aliyempigia vigelegele. Mumewe alikuwa ameshaondoka. "Wewe umepewa heshima, unakunja uso." Nikaupima. Unanitosha. Wesonga alikuwa kizingitini anatazama.

Jumatano, 10 Septemba

Mama yake amepiga simu. Laivu ilifika Busia! Mtu wa kanisa kule aliiona. Sikusikia anachosema, nilisikia tu Wesonga: "Ndiyo mama. Ndiyo. Nimesikia mama." Kaka yake akapokezwa simu. Hapo Wesonga akatoka nje.

Aliporudi akaketi, akaniita, kwa sauti yake ya zamani. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akasema Jumamosi anapanda basi la jioni kwenda nyumbani, wameitisha kikao. Akasema suala la mtoto angelibeba. Tungelibeba. Wapo watu wenye mmoja. "Lakini siwezi kubeba kwamba kuna mwanamume anajua siku za mke wangu kuliko mimi, na sijui kwa njia gani. Huko watanitafuna, na sina la kuwajibu."

Nikampa simu yangu, ukurasa wangu. Akausoma wote. Mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi. Kidole chake kilisimama mahali pale pa mwaka juzi tulipodhani nimeshika mimba. Kisha akasema, "Hii ni simu yako. Mzee aliionaje?"

Ukurasa unaothibitisha ni ule wa akaunti ya kanisa. Unafunguka kwa majina, yote kwa safu, kila mtu na rangi yake na kilicho chake leo. Hauwezi kufungua lako peke yake. Koki ni wa tatu kutoka juu, na alama ya kidonge.

Nikamwambia nipe siku mbili. Akasema, "Mpaka Jumamosi. Nionyeshe kwa macho yangu, na kikao nitakivunja mimi mwenyewe."

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemrudia Dishon. Amejificha, simu imezimwa. Peris anasema nionyeshe mume wangu, nimfunge mdomo kwa Biblia, yaishe. "Nyumba yako kwanza, wewe." Labda. Wesonga si mropokaji. Lakini analala kambi moja na Mbuvi, wanakula sufuria moja. Mara mbili wiki hii nimemsikia akisema, kama kwa utani, kwamba Mbuvi ana bahati, mke wake hana siri.

Jumamosi, 13 Septemba

Basi ni saa kumi na moja. Sasa ni saa tisa. Niko jikoni, naandika juu ya kopo la unga.

Saa nane Wesonga alimaliza kufunga begi. Akaketi mezani, akasema, "Haya, Mama Daisy. Niko tayari kuona." Nikaleta simu. Nikafungua ile app, nikaandika email ya kanisa mbele yake, herufi moja moja, aone ni ipi. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimeamua kumwonyesha, niliandike hilo wazi. Nilijiambia nitafunika la tatu kwa kidole.

Hodi. Mbuvi! Amekuja kumsindikiza stendi, amebeba na mkate wa safari. Akavuta kiti.

Wesonga akamwambia, "Kaa, kaa. Tena na wewe uone, si mke wako yumo humu pia?"

"Koki?" Mbuvi akacheka. "Koki ataonyesha nini, huyo ni kitabu wazi. Leteni tucheke."

Nikasema mtandao umekataa hapo sebuleni, nije na simu huku jikoni karibu na dirisha, na chai iko motoni. Hakuna chai motoni. Sasa nimebandika.

Nimeweka namba ya siri. Majina yamefunguka. Kumi na saba, na langu la mwisho. Hapo chini kabisa, kwa maandishi madogo: futa akaunti. Wao wawili wanazungumza habari za mpira. Wesonga amecheka mara moja, kile kicheko chake cha puani. Sijakisikia wiki mbili. Angeniamini. Nikitoka na huu ukurasa saa hii ataniamini, na begi litafunguliwa leo leo.

Nimebonyeza. Ikauliza nina uhakika. Nimebonyeza tena.

Kiduara kinazunguka.

Imeandika: ombi lako limepokelewa. Kumbukumbu zote zitaondolewa baada ya siku thelathini. Ukibadili nia kabla ya hapo, ingia tena kwa email na namba ya siri, utakuta kila kitu kama ulivyokiacha.

Siku thelathini! Na Dishon ana namba. Na mimi ninayo.

Wesonga anaita. "Mama Daisy, hiyo chai imekwenda kuchumwa wapi?" Mbuvi anacheka. Nimepanga vikombe vitatu. Simu nimeiacha juu ya unga, kioo chini. Anaita tena, na sasa hachezi.